Ukucha wa Bwana Liang

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya mwaka wangu wa kwanza hapa Toronto. Nilikuwa nimepata kazi ya kuogesha na kuvisha wazee katika makao fulani kule North York, na nilitaka sana nionekane mchapakazi. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu Jumatatu na wewe unaanza kazi hiyo hiyo.

Mmoja wa wazee wangu alikuwa Bwana Liang, Mchina mpole asiyejua Kiingereza. Kucha zake zote zilikuwa fupi, isipokuwa ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Huo ulikuwa mrefu ajabu. Mimi nililelewa Kericho nikiambiwa kucha ndefu ni uchafu, nikadhani wenzangu wamezembea. Mzee aliposinzia baada ya kuoga, nikaukata.

Aliamka, akautazama mkono wake, akauficha kwapani. Hakupiga kelele. Lakini kwa siku tatu alikataa nisimguse, na chakula alikionja tu. Nilishangaa: mtu mzima anaomboleza ukucha?

Jumapili binti yake, Mei, alikuja kutoka Pickering. Nilijua kazi yangu iko mashakani, lakini nikakiri kabla hajauliza.

Aliketi kando ya baba yake. "Babu yangu alilima mpunga," akasema. "Kucha zake zilikuwa zimevunjika zote. Baba alipopata ualimu, babu ndiye aliyemwambia afuge huo mmoja, ili kijiji kizima kione kwamba mwanawe hashiki jembe."

Nilipiga magoti mbele ya mzee nikamwomba radhi, Mei akitafsiri. Bwana Liang alichukua mikono yangu, akaigeuza, akaikagua. Kumbe naye alikuwa na swali.

"Anauliza mbona zako umekata zote," Mei akasema.

"Mwambie ni ili nisimkwaruze."

Mzee alifikiri, kisha akasema kwa kirefu.

"Anasema sasa anajua hukutaka kumdhuru. Lakini ungemuuliza kwanza."

"Kwa lugha gani?"

"Ungemwonyesha tu mkasi. Angekuelewa."

Ukucha ule uliota tena, taratibu mno, nami kila wiki niliusafisha kwa mswaki laini. Tangu hapo nimekuwa mdadisi: ndevu, hina, nywele zilizosukwa, kila kimoja nataka kujua kinamwambia nini mwenyewe.

Basi, mwanangu, usafi watakufundisha darasani. Mimi nakwambia hili: mwili wa mtu usiuguse kwa kudhani. Uliza, hata kwa ishara, na usubiri jibu. Unachokiona uchafu huenda ndicho heshima pekee aliyobaki nayo. Na ukikosea, kiri mapema.

Mungu aibariki mikono yako, wazee waipokee bila hofu, na uzee wako uwakute watu wenye subira.