Upande B wa Kanda ya Dada

Dada yangu alivuma kwa wimbo mmoja. Hata kule uwanjani Malinya, fahali wakishamaliza kupigana, watu walirudi makwao wakiuimba. Kanda yenyewe ilikuwa na nyimbo nane, na hizo saba nyingine sidhani kama kuna aliyezisikiliza mara mbili. Mimi sikuzisikiliza hata moja. Nilikuwa nimechoka kuitwa ndugu ya yule mwimbaji, utadhani mama hakunipa jina.

Mwaka huu alipata kiharusi. Anaongea polepole, na maneno mengine yamemtoroka. Akaniomba nimtafutie ile kanda, kwa sababu wimbo wa mwisho wa upande B aliutungia mtoto wake aliyefariki akiwa mchanga, na sasa haukumbuki. Wapiga gitaa wake wamekwisha kufa. Nakala iliyobaki ni yangu.

Niliipata ndani ya sanduku la bati, nikaipeleka kwa fundi wa redio sokoni Kakamega. Fundi aliigeuza mkononi, akauliza ni nani aliyeziba vile vitundu viwili vya ukingoni kwa karatasi. Zamani, ukitaka kurekodi juu ya kanda ya dukani, ulikuwa unaziba vitundu hivyo kwanza.

Upande A uliimba vizuri. Upande B akatokea mtangazaji, anasoma kadi ya salamu niliyomtumia. Nilikuwa nimefuta nyimbo za dada ili nijisikie nikitajwa redioni. Niliona aibu, nikashindwa hata kumtazama fundi.

Nilifika Amalemba, nyumbani kwa dada, na uongo wangu tayari, kwamba panya wameila kanda. Nikamkuta dada ameketi, amevaa gauni la kanisani, na redio ya jirani iko mezani inanisubiri. Uongo ukanishinda. Nikamwambia yote, na wivu wangu pia.

Dada akasema, "Weka tu. Nisikie ulikuwanga unasalimia nani."

Nikaweka. Mtangazaji akawataja wajomba, wanafunzi wenzangu, mwalimu wa kwaya, hata mwenye kinu cha kusaga mahindi. Dada alikuwa ameinamisha sikio karibu kabisa na spika, na kila jina likisomwa aliitikia kwa kichwa. Mimi nilijua nani hakuandikwa kwenye ile kadi. Salamu zikaisha, zikabaki kelele za utepe mtupu.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pengine jina yangu imenipita."