Kisanduku cha Tezini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilisikia msasa kabla sijauona mti wenyewe. Kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha mtu anapuliza vumbi, kisha kwaru tena. Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, na kwa subira iliyokuwamo katika sauti ile nilidhani ni fundi mgeni amekuja kututengenezea kitanda. Nilipoingia uani nikamkuta kaka yangu Hamisi, gunia magotini, amekiinamia kipande cha mti kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Jahazi."

"La nani?"

"La Ami."

"Ami haoni."

"Ndiyo maana nalifanya la kushika," akasema, akarudi kwenye msasa wake.

Ami alikuwa kaka mkubwa wa baba yetu. Alikuwa nahodha tangu ndevu zake zikiwa nyeusi hadi zilipokuwa nyeupe, akipakia boriti na chumvi na abiria wenye kuku. Kisha macho yakamwondoka polepole, kama taa inayoishiwa mafuta, na jahazi lake likauzwa kwa watu wa kusini, asilisikie tena. Baba alikuwa ameshafariki. Mama akamchukua Ami akampa chumba cha uani, katika nyumba yetu ya Msambweni, iliyokuwa karibu na bahari kiasi cha kuisikia, si kiasi cha kuiona.

Hamisi alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Wiki nzima alikunja mashuka ya watu waliokuja kulala mchana, na siku yake ya mapumziko alikaa uani na jahazi. Mbao alizipata kwa seremala wa Kinondo, vipande vya mwembe vilivyokuwa viende jikoni. Alikuwa na kisu, tupa moja, keekee ndogo na gundi, basi. Mbavu za chombo alizipinda kwa mvuke wa birika la chai, na mama akalalamika kuwa chai imeanza kunuka useremala. Mimi nilipewa kazi ya tanga. Nililishona kwa kitambaa cha amerikani, sindano ndogo, mshono wa karibu karibu, na nililifumua zaidi ya mara moja.

Majirani walipita wakamtania. "Hamisi, chombo hicho kitapakia nini? Sisimizi?"

"Kitapakia maneno ya watu," alijibu bila kuinua kichwa, "na tayari kimejaa."

Mtu akifanya kitu kisichomletea chakula, mwanangu, watu humwonea wasiwasi. Muache. Kuna mikono isiyotulia mpaka ipewe kitu cha kupenda.

Lakini siku zile tulikuwa na jambo zito zaidi ya jahazi. Ami alikuwa anakauka. Midomo ilimpasuka, ngozi ya mikono ukiivuta ilibaki imesimama, na mchana alisinzia akaanza kuita majina ya mabaharia waliokwisha kufa. Mganga wa zahanati alimtazama akasema mzee huyu anakosa maji. Mama akaapa. Bilauri tatu kwa siku anampelekea, na bilauri zote hurudi tupu! Wengine wakasema ni jini la baharini linamnywea. Tukafukiza ubani.

Siku moja nilikuwa nafagia chini ya kitanda chake, ufagio ukazama. Sakafu ya udongo ilikuwa imelainika pale ukutani, kama kitalu cha mboga. Nikamwambia mama. Mama akasema paa linavuja. Ilikuwa kiangazi, na hakuna kati yetu aliyetazama juu.

Choo chetu kilikuwa ng'ambo ya uani, kwenye kona, mlango wake wa bati. Ili kufika, Ami alipita mbele ya ukumbi wa nyuma, ambako kina mama wa jirani walikuja kusuka ukili wa mikeka. Hamisi, akiwapo, ndiye aliyempeleka. Asipokuwapo, mtoto yeyote wa kiume aliyepita njia aliitwa. Hamisi alimpenda Ami wetu kwa moyo wake wote, lakini aliona haya. Alimshika kifundo cha mkono akamharakisha. Wageni wakiwapo alimnong'oneza mlangoni, "Ami, subiri kidogo, watu hawajaondoka." Na Ami alisubiri. Sisi tulimwona ni mzee mwenye adabu.

Jahazi likakamilika. Hamisi alichagua Ijumaa, watu wametoka msikitini, akaita wazee wawili watatu waliomjua Ami tangu ujana, akapika kahawa. Ami akatolewa nje, akakalishwa kwenye kiti cha kamba, akavishwa kofia safi. Hamisi akamwekea chombo mapajani.

Ami alianzia omo, yaani mbele. Vidole vyake vilipita ubavuni taratibu, vikahesabu mbavu, vikapanda mlingoti. "Umelala mbele," akasema. "Vizuri. Wengi huusimamisha kama mnazi." Akalishika tanga langu, akalisugua baina ya vidole. "Nani kashona?"

"Mejumaa," mama akasema.

"Mejumaa, ukiolewa na mvuvi atakuwa na bahati."

Watu wakacheka. Mimi nikatazama chini. Uso wa Ami ulikuwa umefunguka, mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu nyota zake zizimike. Vidole vikafika nyuma, tezini. Vikazunguka. Vikarudi, vikazunguka tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye rafu anayoijua.

"Hamisi."

"Labeka, Ami."

"Choo kiko wapi?"

Kama hujapata kuliona jahazi la zamani, nikueleze. Nyuma kabisa, nje ya ubavu, huning'inizwa kisanduku cha mbao kisicho na kitako. Baharia huingia humo, chini yake ni maji, na haja yake anaimaliza. Chombo kinachosafiri siku nyingi hakiwezi kukosa kisanduku hicho.

Wazee walicheka hadi kahawa ikamwagika. Hamisi akajikohoza. "Ami, hili ni la pambo. Litawekwa sebuleni, juu ya kabati. Nani anaweka choo sebuleni?"

"Kwa hiyo mabaharia wangu walikwenda Pemba wakarudi wamefunga matumbo kwa kamba?"

"Ami, niliona kisanduku kile kitaharibu umbo."

"Umenitengenezea chombo cha malaika," Ami akasema, bila hasira. "Kizuri. Malaika hawaendi haja. Mimi nilipakia watu." Mkono wake ulibaki tezini, mahali palipo patupu. Kisha akasema, sauti ile ile, kama anayesema habari za upepo: "Ndiyo maana maji nayamwaga."

Kicheko kikakatika. Mama akauliza, "Maji gani, shemeji?"

"Yale unayoniletea. Naweka midomo, nainamia ukutani, namwaga. Mtu asiyekunywa haendi choo. Mtu asiyekwenda choo haburutwi mbele ya wanawake, wala haambiwi asubiri wageni waondoke." Akageuza uso upande aliokuwapo Hamisi, na hakukosea. "Sikulaumu, mwanangu. Umenishika vizuri. Ila sikiliza. Baharini, mawimbi yakiwa makubwa, tulifunga kamba kutoka mlingotini hadi tezini. Mtu akibanwa, anaishika kamba, anakwenda peke yake. Anapiga ukelele mmoja tu, 'Geukeni omo!' na chombo kizima, nahodha mpaka mpishi, kinatazama mbele. Kwenye mawimbi yale nilikwenda mwenyewe. Hapa uani, hata wimbi la kulowesha kisigino hakuna, nakokotwa kama mbuzi wa Idi."

Mmoja wa wazee akaweka kikombe chini. Hakuna aliyejua pa kutazama. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema. Lakini siku ile nilijifunza kwamba kuna maradhi ambayo mgonjwa huyaficha kwa sababu sisi wazima ndio tuliomfundisha kuyaonea haya.

Hamisi alilichukua jahazi akaingia ndani. Mimi nilidhani amekasirika.

Asubuhi iliyofuata nikasikia nyundo; Hamisi hakwenda kazini. Alikuwa amechimbia nguzo uani, nguzo fupi za mkoko, na juu yake anapitisha kamba ya makumbi, nene, kwenye kimo cha kiuno cha mzee, kutoka mwimo wa mlango wa Ami hadi mwimo wa choo. Palipo na ngazi alifunga fundo, ili mkono ujue kabla ya mguu. Alipomaliza akafumba macho akaipita njia yote mwenyewe, akajikwaa kwenye kinu, akakihamisha kinu. Kisha akaenda chumbani kwa Ami na lile jahazi, akamwongoza kidole hadi tezini. Usiku kucha alikuwa ametengeneza kisanduku kwa vibao vya kasha la chai, kidogo kama jino. Hakikukaa sawa. Mpaka leo kimeinama kushoto.

Ami alikigusa, akatia ncha ya kidole chini kuhakikisha hakina kitako. Akacheka peke yake. Kisha akaita, "Mejumaa! Maji."

Nikampelekea. Akanywa mbele yetu, koo linapanda na kushuka, akanipa bilauri, akasema, "Nyingine." Nikamletea nyingine.

Kina mama walikuwa ukumbini na ukili wao. Ami akatoka mlangoni, akaipapasa kamba, akaikuta. Akasimama wima, kwa urefu niliokuwa nimeshausahau. Akapaza sauti ya unahodha:

"Geukeni omo!"

Tukageuka wote, mwanangu. Mama, jirani, mimi, na Hamisi aliyekuwa bado na nyundo mkononi. Tulitazama ukuta kwa heshima kubwa. Nyuma yetu tulisikia mkono ukikwaruza kamba, kwaru, kwaru, kisha kimya penye fundo, kisha kwaru tena.

Ami alinenepa. Aliishi miaka mingine mizuri, na siku zake zilipotimia alikwenda kwa maradhi ya uzee, si kwa kiu. Hamisi naye ametangulia. Jahazi liko hapa sebuleni kwangu, kando ya televisheni. Wajukuu wakija na rafiki zao kutoka Ukunda, rafiki huuliza kile kisanduku cha nyuma ni nini, na wajukuu huanza kujikuna shingo. Mimi huwajibu kwa sauti ya kawaida.

Basi lishike neno hili. Nyumba njema si mlango. Unapojenga kitu cha kupendeza, iwe nyumba, iwe ndoa, iwe chombo cha kuchezea, kijengee mahali pa mambo yasiyopendeza, na usipaonee haya, kwa sababu hapo ndipo binadamu wako ataishi. Tezi na omo, marejeo ni ngamani; mbele tutapamba, nyuma tutaficha, lakini sote maji yetu hukusanyika ngamani, chini kabisa ya chombo. Na ukijaliwa kumtunza mzee, usitosheke kuuliza kama amekula. Tazama kama anakunywa, na kama hanywi, jiulize njia yake ya choo inapita mbele ya nani. Msaada si kumshika mtu mkono siku zote. Mara nyingine ni kumfungia kamba, kisha kutazama pengine.

Mungu akupe umri, mwanangu, na ndani ya umri huo akupe watu wanaojua wakati wa kukushika na wakati wa kukuachia. Amin.

Sasa niwie radhi. Nimekunywa chai nyingi nikikusimulia, na macho yangu nayo yameanza kufuata ya Ami. Hapana, kaa, usinyanyuke. Kamba ipo, ya siku hizi ni ya plastiki, ya buluu, lakini inafika. Wewe geuka omo tu. Mlango nitaufunga mwenyewe.