Vichaka Vilivyomaliza Mtungi wa Mama Rehema

Wenzangu wa Masasi, leo huku Newala nusura nikose mke, na bado sijui kama nimempata.

Mama Rehema, mkwe wangu mtarajiwa, alitaka vichaka vya porini vya kupamba ua wake, upendeze kuliko wa bomani kwa Bwana DC.
Nikamwambia, "Mama, kazi hiyo niachie mimi!"

Vya huku juu nilivikataa. Vimesinyaa, vina miiba, vimekaa kama ndevu za babu.
Nikateremka hadi bondeni, nikang'oa vitatu vya majani mapana yanayong'aa. Jicho langu mnalijua!

Nikavipanda wenyewe wakiwa shamba. Mlangoni nikaona mtungi umejaa maji. Nikavimwagia wote.

Wakarudi.
"Shikamoo, mama. Tazama bustani!"
"Marahaba. Maji umepata wapi?"
Nikaonyesha mtungi.

Jamani, mama akainama kuchungulia mtungi mtupu!

Ninyi mnaochota nyuma ya nyumba hamtaelewa. Maji hayo Rehema aliyafuata bondeni alfajiri, akayapandisha kilima kizima kichwani.

"Vya huku juu vinasubiri mvua," mama akasema. "Hivi vyako vitataka kunywa kila siku. Nani atachota, baba?"
Nikajibu haraka, "Mimi!"
Rehema hakucheka wala hakununa. Akanisukumia debe, akaingia ndani.

Sasa nimepumzika katikati ya kilima, shingo imezama mabegani, na wanawake wanaonipita wananiita bibi harusi.

Hebu niambieni, nyie mnaojidai mnawajua wasichana: akikupa debe bila neno, amekukubali au amekufukuza?