Mkoba wa Raketi Wenye Mwezi na Nyota

Kama kuna kitu Mungu alinipa akazidisha, ni jicho la kuchagua.

Viatu, maembe, marafiki, kitambaa cha suruali: nikichagua mimi, basi kimechaguliwa. Sijawahi kuchagua kitu kikanitia aibu mbele za watu.

Sasa niwasimulie nilivyojikuta Mtopanga, nimezungukwa na wanaume hamsini wenye kanzu safi, wote wakingoja niwapigie udi, na ndani ya mkoba wangu mna raketi nne.

Tuanzie kwetu Magongo, kule Changamwe.

Ulikuwa mwaka wa sitini na mbili. Kila baraza Changamwe lilizungumza Uhuru. Sisi vijana wanne tuliomaliza skuli tulizungumza vinyoya.

Mchezo wa vinyoya, kwa asiyeujua, ni tenisi ya watu wasiopenda kuokota mpira vichakani. Badala ya mpira mnapiga kinyoya, yaani kizibo kilichochomekwa manyoya ya bata mpaka kikafanana na kifaranga aliyekasirika. Wavu wetu ulikuwa kipande cha jarife la wavuvi. Uwanja tuliufagia wenyewe.

Raketi hazikuwa zetu. Zilikuwa za Mwalimu Margret, aliyetufundisha hesabu kabla hajahamia Kisauni. Mwezi uliofuata alikuwa anakwenda zake Makerere, na raketi nne hakutaka kusafiri nazo.

Akatuachia kwa majaribio, na sharti moja. Jumamosi saa tisa twende Kisauni, tucheze mechi moja ya heshima na vijana wa huko, raketi zikiwa kavu na zimenyooka. Tukitimiza, raketi zetu. Tusipotimiza, zinabaki Kisauni.

Kuzinyoosha haikuwa kazi. Kila raketi ilikuwa na kibano chake cha mbao chenye skrubu nne, ili unyevu wa pwani usiipinde. Kazi ilikuwa kuzifikisha. Raketi nne na vibano vyake huwezi kuzikumbatia kama mtoto ndani ya basi.

Tulihitaji mkoba.

Nahodha wetu alikuwa Nguma, fundi mwanafunzi wa karakana ya reli. Nguma ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Gunia."

Nikamngoja amalize. Alikuwa ameshamaliza.

Nikamwambia gunia ni la makaa. Mtu hawezi kwenda mbele ya Mwalimu Margret na vijana wa Kisauni amebeba gunia kama amekuja kuuza muhogo. Kazi ya mkoba niachieni mimi.

Wakaniachia. Hilo lilikuwa kosa lao, si langu.

Nikaenda kwa Fundi Rashid, anayeshona maturubai ya malori. Alinionyesha mkoba wa turubai, mshono mara mbili, kifuniko cha mvua, mshipi wa bega. Nikamwambia ni mkoba mzuri sana wa kubebea spana. Fundi Rashid akaurudisha kwenye msumari wake.

Dukani nikaona mkoba wa wasafiri wa ndege, samawati, unang'aa. Nikajaribu raketi. Mipini ikabaki nje kama miguu ya kuku kapuni.

Ndipo nikafika kwa Mama Dhahabu.

Mama Dhahabu anauza vitu vya watu waliohama na waliogombana. Nyuma ya meza yake, juu ya masufuria, ulining'inia mkoba wa mahameli nyeusi. Mwembamba juu, mpana chini. Ndani una kitambaa chekundu laini. Chini umetariziwa mwezi na nyota kwa uzi wa kijani.

Moyo ukaniruka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Thoya. Huo mkoba mwanangu una mwenyewe, ni wa..."

"Wa Mzungu. Nimeuona tu nikajua."

"Sikiza kwanza. Aliyeuleta ni mke wa..."

"Wa Mzungu. Wanakwenda kwao, si Uhuru unakuja?"

Nikachukua raketi zangu nne na vibano vyake, nikazitia. Ziliingia kama zimezaliwa humo. Kisha nikagundua kimfuko kidogo ndani. Nikatia vidole, nikatoa unyoya. Mrefu, mgumu, umechongwa ncha na kulainishwa.

Hapo nikajiona nimemaliza. Nikamwinulia Mama Dhahabu ule unyoya. "Unaona, mama? Unyoya wa akiba. Kinyoya kikipungukiwa, mchezaji anachomeka huu. Wenzetu hawasahau kitu."

Mama Dhahabu aliutazama unyoya, akanitazama mimi, akafunga kinywa chake polepole kama mtu anayefunga duka.

"Chukua, baba," akasema.

Tukapatana bei, nikaondoka nao begani.

Nguma aliuzunguka ule mkoba mara mbili.

"Mbona chini umefura?"

"Nafasi ya hewa. Raketi lazima zipumue."

"Na huu mwezi na nyota?"

"Alama ya kiwanda."

Nguma akajikuna shingo. Kwetu ni watu wa kwaya. Hakuna kati yetu aliyewahi kukaa karibu na watu wa taarabu kiasi cha kujua vyombo vyao vinalala wapi. Akaenda kufunga wavu.

Ijumaa tukafanya mazoezi ya mwisho. Tulikuwa tumebakiwa na kinyoya kimoja, nacho kilikuwa kimeng'oka unyoya mmoja. Nikachomeka ule wa akiba. Ajabu, kila ukikipiga kilikwenda mbele kidogo, kisha kikakata kushoto kama kimeitwa. Kufika jioni, Nguma alikuwa ameshajifunza kukingojea kushoto.

Jumamosi wenzangu walikuwa kazini mpaka adhuhuri. Nikasema nitatangulia na vifaa. Ukweli ni kwamba nilitaka mkoba uonekane.

Ulionekana.

Niliteremka basi Kisauni saa saba na nusu, nikakatiza Mtopanga kwa miguu. Mbele ya nyumba moja palikuwa na mikeka, watu wamejaa, na harufu ya pilau inayomshika mtu shati. Asubuhi nilikunywa chai kavu tu.

Mzee mmoja akatoka mbio. Hakunitazama usoni. Alitazama mkoba.

"Alhamdulillahi. Mkoba wa Rama huu." Akanishika mkono. "Rama mwenyewe yuwapi? Tangu asubuhi twamngoja."

Rama simjui. Hapa, ndugu yangu, palikuwa na nafasi pana kabisa ya kusema kweli. Lakini upepo ukageuka, ukaleta harufu ya pilau kutoka uani.

"Yuaja," nikasema. "Mimi nimetangulia."

"Wewe ni mwanafunzi wake?"

"Kitambo sasa."

Nikakaribishwa ndani kwa heshima ambayo baba yangu hajawahi kuipata. Mkoba ulilazwa juu ya mto. Mtu akanimiminia maji mikono. Sinia likaletwa. Nikala sahani mbili, na kachumbari.

Nilipokuwa najiandaa kuaga, yule mzee, ambaye ndiye mwenye shughuli, akaketi mbele yangu. Wengine wakasogea. Akaniambia harusi bila udi imepooza, nao hawataki kunichosha, ila niwapigie wimbo mmoja tu, wa kuchangamsha baraza, huku wakimngoja mwalimu wangu.

Nikautazama mkoba juu ya mto. Mwembamba juu. Mpana chini.

Ndipo nikaelewa kwamba lile tumbo halikuwa la hewa.

Udi una shingo na una tumbo. Mkoba wangu ulikuwa nguo ya udi, kama koti lilivyo nguo ya mtu. Na kule ndani zilikuwa raketi nne ambazo hata zikipigwa mpaka alfajiri hazitoi wimbo.

"Nyuzi zimelegea kwa joto," nikasema. "Lazima nizikaze kivulini, peke yangu. Ndivyo mwalimu alivyonifunza."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kumbe neno hilo lina maana. Wakanipa njia, nikapita uani katikati ya masufuria, nikasalimia wapishi, nikaruka ua wa makuti. Nilikimbia mpaka ule mwezi na nyota ukawa unanipiga kiunoni.

Nilifika uwanjani saa tisa na nusu.

Mwalimu Margret alikuwa amesimama na saa yake mkononi. Vijana wa Kisauni walikuwa wamekaa. Nguma alikuwa na uso wa mtu anayezika. Nusu saa nzima alikuwa akiomba tungojewe, na Mwalimu alikuwa ameshasema dakika tano za mwisho.

Nikapiga magoti pale pale mchangani.

Nikasema kuna mzee alianguka njiani, Mtopanga, kwa jua na njaa. Watu wanampita tu. Mimi sikuweza. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati, raketi shingoni, nikakaa naye mpaka akafungua macho. Mwenyewe sijatia kitu mdomoni tangu jana.

Kisa kilinitoka vizuri hata nikamhurumia yule mzee.

Mwalimu Margret akafungua mkoba, akazitoa raketi moja moja. Kavu. Zimenyooka. Akanitazama kwa macho ambayo hakuwahi kunitazama nayo kwenye hesabu. Akawaambia vijana wa Kisauni kwamba mtu wa namna hii ndiye wa kuachiwa vitu. Kisha akatoa mkate wake na yai la kuchemsha, akanipa.

Nisingeweza kukataa. Nilikuwa na njaa tangu jana.

Mechi ikaanza, Nguma dhidi ya bingwa wao, pointi kumi na tano. Bingwa wao alikuwa hodari, lakini kila akijiandaa, kinyoya kilikata kushoto. Nguma alikuwa ameshafika huko, anakingojea. Kumi kwa sita. Kumi na nne kwa tisa. Pointi moja tu ilibaki, na mimi bado natafuna, tumbo halina nafasi hata ya kupumua.

Akatokea mtu mzima wa makamo, kanzu imeloa jasho, begani amebeba gunia lenye shingo na tumbo.

Akatoa salamu kwa utulivu. Kisha akasema, "Namtafuta mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi gani, mzee?" Mwalimu Margret akauliza.

"Sijui, mwanangu. Hata mimi nimempata leo."

Nikageukia upande wa pili, nikaendelea kutafuna.

Rama, maana ndiye yeye, aliketi kwenye nyasi akaeleza bila haraka. Mkewe, Mwanarehema, amechoka kukaa peke yake kila Jumamosi mume akiwa harusini. Juzi akauuza mkoba wa udi kwa Mama Dhahabu, maana anajua mumewe hawezi kutoka na udi uchi mbele za watu. Na kweli Rama alikaa ndani mpaka adhuhuri.

"Kisha nikawaza," akasema, "aibu ya gunia itaisha leo leo. Ya kumvunjia mtu harusi itakaa."

Alipofika Mtopanga akaambiwa mwanafunzi wake amekwenda kukaza nyuzi kivulini. Wakatafuta kila kivuli. Watoto ndio waliosema wamemwona akikimbilia kwenye uwanja wa vinyoya.

Mwalimu Margret akanigeukia. "Thoya. Yule mzee aliyeanguka ni huyu?"

Nikameza. "Wanafanana."

"Mimi sijaanguka," Rama akasema. "Na mkoba wangu?"

"Nilikuwa nakurudishia, mzee."

"Kwa kupitia jikoni?"

Vijana wa Kisauni wakaanza kucheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiutazama mkate mkononi mwangu.

"Huyu hajala tangu jana," akasema taratibu, kama anayemwomba Rama akubali.

Rama akanitazama kwa huruma ya kweli. "Nimeonyeshwa sahani zake," akasema.

Kisha akakiona kinyoya. Akakiokota, akakigeuza, akachomoa unyoya mmoja kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mwiba. Unyoya wa tai. Ndio anaopigia udi, miaka kumi na saba. Akafungua gunia pale pale, akapiga nyuzi tatu nne kuujaribu, na wote wakasogea karibu kusikiliza. Hata mimi.

Akaurudisha udi kwenye nguo yake ya mahameli, akaenda zake harusini.

Mechi ikaendelea na kinyoya kisicho na unyoya wa tai. Sasa kilikwenda moja kwa moja. Nguma alikuwa kushoto, anakingojea. Kumi na nne kwa kumi. Kumi na nne kwa kumi na tatu. Tukashindwa kumi na tano kwa kumi na nne.

Mwalimu Margret akazikusanya raketi. "Niliomba mechi ya heshima," akasema. "Heshima yenyewe ndiyo siioni."

Nguma akasogea. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alisema, "Mwalimu, raketi tumezitunza wanne. Usiku wa mvua tumezikeshea wanne. Yeye pekee alichagua mkoba, na uongo pia amechagua peke yake. Tusinyang'anywe sote."

Mwalimu alizihesabu raketi moja moja. Mwisho akampa Nguma raketi, mkononi mwake. "Zako na wenzako. Na mkoba nachagua mimi."

Akaokota gunia aliloliacha Rama.

Kulibeba, alinichagua mimi. Kichwani, kwa miguu, mpaka stendi ya basi. Njia ni ile ile. Nilipopita mbele ya nyumba ya harusi, udi ukilia ndani, mwenye shughuli alikuwa mlangoni akiaga wageni.

"Mwanafunzi," akaniita, mbele ya watu wote. "Umeshazikaza?"

Nami nawaachia hili tu: ukienda kununua mkoba, mwache anayeuza amalize sentensi yake.

Nguma amesimama nyuma yangu, anasoma ninavyoandika. Anasema kila kitu ni sawa, isipokuwa sahani. Siku ile Rama alimtajia hesabu yake. Zilikuwa tatu.