Nilidanganya kanisani kwamba bi mkubwa kapanda Kilimanjaro mara mbili, wakampa kuongoza hiking ya Surrey

Wakuu, kabla ya salamu naomba niungame.

Nilisema uongo mlangoni mwa kanisa, mbele ya mzee wa kanisa, nikiwa na sambusa mdomoni. Na uongo wenyewe haukunihusu mimi. Ulimhusu mama yangu mzazi.

Haya, sasa salamu: hamjambo wa nyumbani, na nyie wenzangu wa huku kwenye baridi. Ninayoandika yametokea, na shahidi wangu ni bega langu la kulia, ambalo mpaka leo halijarudi mahali pake. Wale wa "hii chai" kunyweni tu, ila msimwagie wenzenu.

Mimi nipo Year 12, kama form five ya nyumbani. Tunakaa Neasden, hapa London, mimi na bi mkubwa tu. Yeye ni carer, anahudumia wazee majumbani. Wiki nzima anawainua watu wazima kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na goti lake la kushoto limeshaanza kulalamika.

Kazini wanamwita kwa jina lililo kwenye badge, na bado wanalikosea. Kwenye ibada yetu ya Kiswahili, mara moja kwa mwezi, ndiko anakoitwa Mama Elia, anawekewa kiti cha mbele na kuulizwa habari za Moshi. London nzima hana pengine pa kuheshimiwa hivyo.

Shikeni hapo, maana hicho ndicho nilichokichezea.

Picha linaanza baada ya ibada, watu wanakunywa chai na sambusa pale mlangoni. Mzee wetu wa kanisa, Anko Festo, anatangaza kwamba mwezi wa tisa tutaenda hiking Surrey, kwenye kilima kinaitwa Box Hill. Chini yake kuna bonde la mto Mole, na ng'ambo ya bonde kuna mashamba ya zabibu za mvinyo.

Mjue kwamba Anko Festo, tangu afike kwenye kilele cha mlima fulani kule Wales na watu wa ofisini kwake, hana hadithi nyingine. Ukimwambia lifti imeharibika, anakueleza Wales.

Siku hiyo akaongeza kwamba watu wa Moshi wanajisifia mlima kama wameujenga wao, na hakuna aliyewahi kuupanda. Watu wakacheka. Bi mkubwa hakusikia, alikuwa jikoni anaosha vikombe vya watu haohao.

Sasa mimi, utani wa Moshi naukubali nikiutoa mwenyewe. Nikasema, "Mama ameupanda mara mbili. Ya pili alikuwa na mimba yangu."

Wakuu, mara mbili ingetosha. Ile ya mimba sijui ilinitokaje mdomoni.

Anko Festo hakubisha. Ibada iliyofuata, kwenye matangazo, akasimama na kusema kiongozi wa safari yetu ni Mama Elia, mwanamke aliyefika kileleni Kilimanjaro mara mbili, mojawapo akiwa mjamzito. Kanisa likapiga makofi. Kuna mama alipiga kigelegele.

Bi mkubwa akanigeukia taratibu, kama mlango wa benki. Nikajua atasimama na kukanusha. Kweli akasimama. Akawapungia mkono, akaketi.

Nyumbani hakufoka. Aliniuliza tu, "Mara mbili?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na mimba?"

Nikasema na hiyo pia, mama. Akasema sawa, akaenda kukunja nguo. Mliolelewa na mama wa Kiafrika mnaijua ile sawa.

Nikamwambia nitaenda kwa Anko Festo nikaseme ukweli. Akanikataza. Alisema nikisema sasa hivi, yeye ataonekana ndiye aliyeutunga na mimi nimetumwa kumfutia. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Siku hiyo sikumaliza chakula, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye historia ya ukoo wetu.

Siku ya safari tukakutana Waterloo, watu kumi na wawili. Tangazo lilisema kila mtu aje na begi dogo. Wakaja na hotpot tatu, thermos mbili na mkeka. Mama Neema, mama wa Dodoma mwenye maneno yake, alikuwa kavaa kitenge na viatu vya kuimbia kwaya.

Treni haikuchukua hata saa moja. Nje ya station ya Dorking, bi mkubwa akapanda juu ya bench, na vile viatu vyake vyeusi vya kazini, akatangaza sheria. Kwanza, mlimani kiongozi habebi kitu, wala mgeni habebi kitu, anayebeba ni mpagazi. Pili, mwendo ni pole pole, hakuna kumpita kiongozi.

Kisha akaninyooshea kidole. "Mpagazi ni yule."

Wakuu, nilitundikwa mabegi kama mti wa Krismasi. Kuna mama aliniongezea mwavuli, na jua linawaka.

Tukaanza na shamba la zabibu. Mistari mirefu kwenye mteremko, imenyooka kama imepigwa rula. Mama Neema akasimama akakishika kishada, akakichungulia kama daktari wa meno, akauliza hizi ni zabibu au pilipili manga. Akasema Dodoma hizo wangewapa kuku, na kuku wangeuliza zile nyingine ziko wapi.

Pembeni kulikuwa na wazungu wamekaa na glasi zao asubuhi yote hiyo. Anko Festo akatuambia tusiangalie. Mama Neema akaangalia kwa niaba yetu sote.

Muda wote huo bi mkubwa anatembea taratibu, mguu wa kulia, halafu anaufuatisha wa kushoto. Mimi nilijua ni goti. Wenzangu walikuwa wanamsifia nyuma yake, kwamba ona mwendo wa mtu aliyezoea mlima, hakurupuki. Anko Festo yeye kashatangulia mita mia mbele, na fimbo mbili za kutembelea.

Chini ya kilima unavuka mto kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa majini. Bi mkubwa kapita kama anapita sebuleni. Mimi, hotpot kichwani, nyingine mkononi, mguu ukateleza, nikazama mpaka gotini.

Mama Neema akapaza sauti kutoka ng'ambo, anauliza pilau imepona. Habari zangu hakuna aliyeuliza.

Baada ya mto ni ngazi. Za mbao na udongo, zinapanda ndani ya msitu, kila ukidhani zimeisha zinakata kona. Katikati tukamkuta Anko Festo amekaa, uso umebadilika rangi, anasema alikuwa anatusubiri.

Hapohapo Mama Neema akamgeukia bi mkubwa, akauliza ile safari ya pili mimba ilikuwa ya miezi mingapi.

Moyo wangu ukasimama. Watu wote wamesimama pia, ila wao walikuwa wanapumzika.

Bi mkubwa hata hakugeuka. "Muulize mpagazi. Yeye alikuwepo."

Macho yote kwangu. Nikajibu kwamba nilikuwa ndani, sikuona kitu. Wakacheka mpaka mmoja akashikilia mti, nami nikashukuru Mungu kwa kila ngazi iliyobaki, maana hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuuliza tena.

Tukafika juu.

Sitawadanganya, siku hiyo uongo ulikuwa umeniishia. Pazuri. Bonde lote liko chini yako, mto umejificha kwenye miti, na lile shamba la zabibu ng'ambo sasa linaonekana kama kichwa kilichosukwa twende kilioni. Mama Neema alinyamaza karibu dakika nzima. Rekodi.

Tukatandika mkeka. Ndipo Anko Festo, pumzi ikiwa imemrudia, akasema kabla ya kuomba chakula Mama Elia atupe ushuhuda wa Kilimanjaro.

Kumbukeni ni ushuhuda, na baada yake ni sala. Hapo huwezi kuchomekea uongo. Nikafungua mdomo niseme ni mimi niliyedanganya, bi mkubwa akaninyooshea kiganja.

Akasema, "Sijawahi kuupanda. Mara mbili hapana, mara moja hapana."

Nilisikia mfuniko wa hotpot ukitulia.

Akaendelea kwa sauti yake ya kawaida. Baba yake, babu Elia ambaye jina lake ninalo mimi, alikuwa mpagazi. Alibeba viti vya wageni, meza zao, hema zao. Akirudi alikuwa hawezi kuinama, kwa hiyo kazi ya bi mkubwa utotoni ilikuwa kumvua viatu. Akasema mlima anaujua kwa viatu vile tu, na hakuwahi kutamani kuupanda. Lakini siku ile walipompigia makofi, ilikuwa mara ya kwanza hapa London kuombwa kuongoza watu badala ya kuwanyanyua, akaona utamu, akanyamaza. Mtoto alidanganya, na yeye akakaa juu ya uongo huo. Anaomba radhi.

Nilikuwa naangalia nyasi. Nilitaka kilima kinimeze na mabegi yangu yote.

Aliyefuata kusema ni Anko Festo. Alikohoa, akavua kofia, akasema na yeye ana neno. Ule mlima wa Wales una treni. Inakufikisha mpaka juu. Yeye alipanda treni.

Mama Neema akamwangalia, akaangalia zile fimbo mbili. "Na tiketi ulikata ya kurudi?"

Wakuu, nadhani wale wazungu wa zabibu walitusikia. Tulicheka mpaka sala ikacheleweshwa. Kabla hatujashuka walikuwa wameshamwambia bi mkubwa achague kilima cha mwakani, kwa sababu ndiye pekee aliyewafikisha juu wote bila mtu kuanguka. Nikakumbusha kwamba mimi nilianguka. Wakasema mpagazi hahesabiwi.

Nilichojifunza ni hiki: usimsifie mama yako kwa uongo, maana atakayeubeba ni yeye, mbele ya watu anaowaheshimu. Na kama ulimi umekushinda, ishia kwenye uongo wa kwanza. Usiweke na mimba.

Waliowahi kuwaponza mama zao kwa uongo, njooni mseme hapa chini. Watu wa Dodoma, na nyie njooni mtetee zabibu zenu. Ila niwamalizie ya nyumbani.

Tulipofika, bi mkubwa alikaa kwenye ngazi za mlangoni, goti limemgomea, hawezi kuinama. Nikapiga magoti nikamvua viatu, bila kuambiwa. Akaniangalia, akasema hivi:

"Umebeba vizuri, baba. Imebaki safari ya pili, ile ya mimba."