Tundu la Mwisho la Mama Ngazi

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni nguo za watu. Lakini huu mwaka wa tisa nashona pia mikono ya popo, na wa kulaumiwa ni Mama Ngazi. Alikuja siku moja kwenye kibanda changu na mwavuli uliovunjika mbavu, akaomba niutoe kitambaa nimshonee mikono mitatu, kama mikono ya shati la mtoto, wazi huku na huku. Nikamuuliza ni mtoto gani huyo mwenye mikono mitatu. Hakucheka. Alisema ni ya popo, nami nikajua nimepata rafiki mwenye wazimu wake.

Jina la Ngazi alipewa na mtaa, kwa sababu humwoni bila ngazi begani. Kazi yake ni kuwatoa popo majumbani bila kumuua hata mmoja. Wako wanaowasha moshi, wanaomwaga dawa, wanaogonga dari kwa mafagio mpaka popo wawaangukie kitandani. Akisikia habari hizo husonya tu. Yeye hukaa uani kwenye stuli jioni tatu au nne, jua likizama, anaangalia wanatokea wapi na ni wangapi. Kisha anaziba kila upenyo wa paa, hata ule unaoingia kidole tu, isipokuwa tundu wanalolitumia. Hapo anafunga kipande cha bomba la plastiki kinachotazama chini, na mdomoni mwa bomba anauvisha ule mkono wangu wa kitambaa cha mwavuli. Popo anateleza anatoka kwenda kutafuta wadudu. Akirudi anakuta kitambaa kimelala, njia haipo. Hivyo hivyo kwa wiki nzima, na jioni asipotoka hata mmoja, asubuhi yake bomba linatolewa na tundu la mwisho linazibwa.

Ana masharti mawili, na hajawahi kumlegezea mtu. La kwanza, hagusi nyumba katika miezi ambayo popo wananyonyesha, maana mama atafungiwa nje na mtoto asiyejua kuruka atakufa njaa darini. La pili, kabla ya kuziba tundu la mwisho anatundika sanduku la mbao hapo karibu, lina upenyo mwembamba kwa chini, ili waliotolewa wapate pa kwenda. Wateja wanamwambia hiyo ni kazi ya bure, popo watajijua. Anawajibu kwamba yeye hamtoi mtu kwake kabla hajamwonyesha pengine. Nilizoea kumtania kwa hilo, kwamba ipo siku atawaitia popo mkutano.

Sasa nyumba iliyokuwa na popo wengi kuliko zote ilikuwa ya kwao. Vyumba vinne, paa la bati, aliijenga marehemu baba yao, na mama yao akabaki humo peke yake. Mama hakuwa na ugomvi na popo. Alikuwa anasema akiwasikia wanaanza kuchakura juu ya dari anajua saa ya kuwasha taa imefika. Shida ilikuwa kikohozi. Vumbi la kinyesi lilikuwa linapenya kwenye nyufa za dari, na kila mwaka kifua kilizidi kubana.

Mama Ngazi ana mdogo wake wa kiume, mmoja tu, aliyembeba mgongoni tangu wote wawili wakiwa watoto. Huyo bwana alisoma, akapata ofisi, na ofisi ikamfundisha kumwonea dada yake haya. Wenzake wakimuuliza dada anafanya kazi gani, alikuwa anajibu "mambo ya mazingira," kisha anauliza habari za mpira. Baba yao alipofariki hati ya nyumba iliandikwa jina lake, kwa kuwa ndiye anayezijua ofisi na foleni zake. Na aliyependekeza iwe hivyo ni Mama Ngazi mwenyewe, kwa kinywa chake.

Mwaka huu bwana huyo akaanza kupiga simu. Mara dada umeamkaje, mara dada umekula. Siku moja akaja mwenyewe na ngazi mpya ya alumini, nyepesi, ya kukunja, akasema anaumia kumwona dada yake anabeba gogo lile la mbao kila siku. Halafu akasema kikohozi cha mama kinamnyima usingizi, na popo wale hakuna wa kuwatoa ila fundi wa familia. Fundi wa familia. Mama Ngazi alikuja kunisimulia huku machozi yanamtoka, eti miaka yote hii kumbe mdogo wake alikuwa anaiona kazi yake. Mimi nilimwambia huyo mdogo wako anakuvisha kilemba cha ukoka, ana lake jambo. Alininunia siku mbili, na sikumlaumu, kwa sababu nilivyosema nilisema vibaya.

Yule bwana alitaka kazi ifanyike wiki ileile. Mama Ngazi akapanda darini na tochi, akashuka akasema popo wana watoto, wamebanana kwenye mbao, hata manyoya hawajaota vizuri. Wiki saba. Mdogo wake akakubali, na tangu hapo kila Jumatatu asubuhi akawa anapiga simu kuuliza watoto wa popo wanaendeleaje, wameshaanza kuruka? Mama Ngazi aliipokea kama zawadi ya pili. Nami nikaona haya kwa ulimi wangu. Nilichukua mwavuli wangu mwenyewe, mzima, nikaukata nikamshonea mikono mitano.

Aliyekuwa mgumu ni mama. Lile vumbi likianza kufagiliwa halifai kwa kifua cha mzee, ilibidi ahame, na mtoto wa kiume akajitolea kumkaribisha kwake kwa wiki mbili. Mama akakataa kata kata. Alikaa kwenye kiti chake pale sebuleni akasema, "Nikitoka hapa sirudi."

Mama Ngazi alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka ile mikono ya popo. Akamwambia, "Mama, nitakurudisha mimi mwenyewe. Nipe mimi ufunguo, usimpe mtu mwingine."

Mama alimtazama, akaufungua ufunguo kwenye pindo la gauni alipokuwa ameufunga, akampa. Akatoka na begi dogo la magauni mawili na redio.

Kazi ilikwenda vizuri, labda hajawahi kufanya nzuri kuliko ile. Jioni ya kwanza alihesabu popo mia moja na arobaini. Ya saba nilikwenda kukaa naye kwenye stuli, na bomba halikutoa hata mmoja. Waliokwisha kutoka walikuja wakazunguka mbele ya ukuta, wakagusa pale palipokuwa mlango wao, wakaruka wakazunguka tena. Baadaye baadhi yao walijipenyeza kwenye sanduku alilokuwa amelitundika ukutani kwa stoo. Mama Ngazi alinigusa goti akasema, unaona, wamepaona.

Asubuhi akaziba tundu la mwisho. Akavaa barakoa, akanyunyiza maji darini ili vumbi lisiruke, akafagia, akatoa magunia kumi na moja. Alipiga deki vyumba vyote, akatandika kitanda cha mama kwa shuka lililofuliwa, akafungua madirisha. Alikuwa amepanga kumfuata mama saa kumi.

Saa nane geti likafunguliwa kwa ufunguo ambao hakuujua. Waliingia mume na mke, watu wa heshima zao, mume ana futi ya kupimia mkononi. Walimsalimia vizuri wakamuuliza kama ndiye fundi. Mke akasema wanashukuru sana, maana walikuwa wamemwambia mwenye nyumba kwamba kwenye popo hawanunui, naye akawatuliza, akawaambia dada yake ndiye fundi, wasubiri tu watoto wa popo waruke. Wiki saba, akasema, lakini wamesubiri. Kisha akapita chumbani kwa mama, akagonga ukuta kwa kidole, akamwambia mumewe huu utatolewa.

Unajua Mama Ngazi alifanya nini? Walimuuliza kama popo watarudi, naye akawazungusha nyumba nzima na barakoa ikiwa shingoni, akawaonyesha kila alipoziba na kila pa kukagua baada ya mvua. Aliponisimulia nilipandwa na hasira, nikamuuliza kwa nini hukuwafukuza. Akasema hakupata neno lingine mdomoni ila la kazi.

Walipoondoka akampigia mdogo wake. Bwana huyo hakukana wala hakupandisha sauti. Akasema, "Dada, mama amezeeka, hawezi kukaa peke yake. Ningekwambia, ungekataa."

"Ndiyo," Mama Ngazi akasema. "Ningekataa."

"Basi unaona."

Alichezewa shere na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutembea, na alichezewa kwa kazi yake, tena ile aliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote. Mimi ningeililia nyumba. Yeye nyumba hakuitaja. Alikuwa anarudia jambo moja tu pale kibandani, amekaa juu ya rundo langu la vitambaa: "Kila Jumatatu. Kila Jumatatu alikuwa ananiuliza watoto wa popo."

Alikwenda kumchukua mama jioni ileile. Ngazi ya alumini aliiegemeza kwenye geti la mdogo wake, akaingia. Mama alikuwa kwenye chumba cha uani, ameketi kitandani, begi liko miguuni. Alikuwa ameshaambiwa. Mwanawe alimweleza jana yake, akaongeza kwamba dada naye anajua, si ndiye anayeifanya kazi yenyewe.

Mama Ngazi aliapa kwa kila kiapo anachokijua kwamba hakujua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wako nilikuwa namjua. Ufunguo nilikupa wewe."

Akavuta begi karibu. "Popo uliwatengenezea sanduku."

Siku hizi wanaishi pamoja, nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Mama hana neno baya. Anakula akiwekewa, anasalimia wageni, kikohozi kimepungua. Lakini begi hajalifungua likabaki wazi hata siku moja. Anatoa gauni asubuhi, analifua, likikauka analikunja analirudisha, anafunga zipu. Akiulizwa anasema vitu vyake viko sawa humo humo.

Mama Ngazi hajapokea kazi tangu wakati ule. Wiki tatu alikuwa anapiga misumari nyuma ya nyumba, kwa zile mbao alizokuwa ameziweka za masanduku. Amemtengenezea mama kabati, refu, lina rafu mbili na mahali pa redio, amelipiga msasa mpaka linateleza, akaliweka karibu na kitanda. Jana nilipita kuwasalimia. Milango ya kabati ilikuwa wazi, ndani hamna kitu, na begi lilikuwa pale mlangoni mwa chumba, zipu imefungwa.