Mubangi kwa Mahindi ya Kukhu

Harufu ya mubangi, lile gugu la maua madogo ya njano, ni kali, kama ganda la chungwa limesagwa na dawa ya kikohozi. Niliijua nikiwa darasa la sita, tukiishi kwa nyumba ya wafanyakazi nyuma ya boma moja huko Loresho, mahali mama alikuwa anafanya kazi. Kukhu, yaani nyanya yangu wa Bungoma, alikuwa ametutumia nusu gunia ya mahindi, na hiyo ndiyo ilikuwa ugali yetu mpaka shule zifungwe. Ilikaa chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni huinama, na mimi niliinama kila asubuhi nikisikiliza: krr, krr. Dumuzi walikuwa wanatoboa mahindi na unga inamwagika sakafuni, na hakuna mtu alikuwa amepeleka kitu kisiagi kusagwa.

Mama alikataa dawa ya duka. "Niwekee watoto sumu kwa chakula?" Kamau, kijana wa Limuru aliyekuwa anatunza maua ya hapo, akaniambia, "Weka mubangi. Kausha, ponda, changanya." Ilikuwa inamea tu kwa fensi. Nikavuna, nikaanika juu ya karai, nikaanza kuigeuza kila dakika tano kama chapati.

Mama akatoka. "Nekesa, hii ni nini?"

"Ni mubangi. Kamau amenionyesha."

"Bangi? Kwa boma ya wenyewe?" Akanishika sikio, tukaenda mbio hadi kwa Kamau. "Wewe, unataka nifutwe kazi?"

Kamau alicheka mpaka akaangusha jembe. "Mama Nekesa, si unuse kwanza! Hiyo hata mbuzi haiwezi vuta."

Mama akanusa. Sikio langu likaachiliwa. "Ai! Si hii ndio mama yangu hutandikia kuku, viroboto visiingie?"

Bado hakuamini. Akasema nijaribu na mkebe mmoja wa mahindi kwanza, nusu gunia ingoje. Wiki nzima! Nilifungua huo mkebe mara ngapi sijui. Siku ya tano dumuzi walikuwa wamepanda hadi mdomoni, wanatafuta njia ya kutoka. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wanahama. Mama akaanika mahindi yote juani, akapepeta, akachanganya na majani, na tukala ugali mpaka shule zikafungwa, ikinukia machungwa kidogo.

Siku hizi nanunua unga ya pakiti. Inakaa kwa kabati miezi miwili na hakuna mdudu anaisogelea. Imewekwa nini, sijui. Sijawahi hata kuuliza.